Wear: Neno Lililotuumbua

Leo tuzungumzie neno moja la Kiingereza ambalo sisi washonaji tunalitumia sana kwa wateja wa nje: "wear".

Maana yake ni kuvaa, lakini limebeba mengi. Sisi tunavaa gauni, tunajitanda mtandio, tunajifunga kanga, tunajitia manukato. Kwa Waingereza yote hayo ni "wear". Shuleni tulikariri: wear, wore, worn. Hiyo "worn" ndiyo iliyotuumbua.

Tulimshonea gauni bibi harusi aliyeko Uingereza. Lilipokwisha, tukampa mdogo wetu alivae, tukapiga picha, tukamtumia. Akauliza, huyo ni nani? Tukajibu kwa Kiingereza chetu cha sekondari: "My sister has worn your dress."

Tulikusudia kusema mdogo wetu amevaa gauni lako, kama tusemavyo "nimevaa buibui" na buibui bado liko mwilini. Kumbe "has worn" ni kwamba keshalivaa, gauni si jipya tena. Nguo ikiwa mwilini sasa hivi husemwa "is wearing". Kuivaa kwa kujaribu tu ni "try on".

Bibi harusi akaja juu, akidhani gauni lake lishaendewa harusini. Tukamweleza kuwa ni kosa la lugha, akatulia.

Lakini usiku ule hatukulala vizuri. Kiingereza chetu kibovu kilikuwa kimesema kweli. Gauni lake lilivaliwa na mwengine kabla yake, na hatukumuomba ruhusa. Nguo ya mtu ni amana. Asubuhi tukamuandikia tena, tukamuomba radhi na kumwambia achague: tumshonee jingine kwa gharama zetu, au apokee hilo hilo. Akalichagua hilo, ila tulipige pasi upya na tulifukize udi. Alhamdulillah.

Sasa hivi picha tunapiga gauni likiwa juu ya sanamu la dukani. Na nyinyi wapenzi, mkiwa mmevaa semeni "I am wearing". La kila siku ni "I wear": anayejistiri daima husema "I wear hijab".

Allah atujaalie ukweli katika kazi za mikono yetu, na atusitiri sote. Amin.