Kamala wa Kitabuni na Kamala wa Skrini

Hadithi ikitoka kitabuni ikaingia kwenye skrini, watu hugawanyika: hawa wanasema kitabu ndicho kizuri, wale wanasema picha imenoga zaidi. Sisi tumegawanyika juu ya Ms. Marvel, na kwa kuwa mabinti zetu ndio wanaoitazama, tumeona tulizungumze vizuri.

Kwa wasiomjua, Kamala Khan ni msichana wa miaka 16 wa Jersey City, Marekani. Wazazi wake wametoka Pakistan, ni Waislamu, wanampenda na wanambana kama sisi tunavyowabana wetu. Kitabu chake cha kwanza cha katuni kilitoka mwaka 2014. Mwandishi ni G. Willow Wilson, Mmarekani aliyesilimu. Mchoraji ni Adrian Alphona. Na miongoni mwa waliombuni Kamala yumo mhariri Sana Amanat, binti wa wazazi wa Kipakistani aliyekulia New Jersey. Mwaka 2022 ikatoka tamthilia ya sehemu 6 kwenye Disney+, Kamala akaigizwa na Iman Vellani, mzaliwa wa Karachi aliyekulia Canada.

Tuanze na mazuri ya skrini, maana ni mengi. Nyumba ya akina Khan inanukia chakula hata ukiitazama kwenye simu. Harusi ya kaka yake ina ngoma na nguo za kumeremeta, na kuna mama anayekagua kila kitu. Ujumbe wa simu unatokea kwenye kuta za mtaa kama taa za rangi, na michoro inatembea ukutani, hivyo huhisi kwamba karatasi imesahauliwa. Kubwa zaidi ni bangili. Nguvu za Kamala zinaamka kwa bangili iliyotoka kwa bibi yake wa Karachi, na bangili hiyo inatupeleka hadi mwaka 1947, India ilipogawanywa na watu wakagombania treni wakiwa wameacha kila kitu nyuma. Sisi tunaojua maana ya bangili ya bibi kuvuka mkono hadi mkono, hapo tulitoa machozi.

Na lile vazi la shujaa! Kitabuni Kamala analitengeneza mwenyewe kwa siri, kutokana na burkini, vazi la kuogelea la stara. Kwenye tamthilia ni mama yake, Muneeba, anayemletea. Mama ambaye mwanzoni alikuwa kikwazo ndiye anayemvisha mwanawe. Hapa skrini imekipita kitabu, na waliokuwa upande wa kitabu walikubali bila ubishi.

Lakini kuna kurasa ambazo skrini imeziacha, na ndizo zilizotufanya tuandike.

Kitabuni Kamala anatoroka usiku kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa. Wenzake wanamdhihaki, anaondoka kwa hasira, anaingia katikati ya ukungu wa ajabu. Anapewa nafasi ya kuwa vyovyote atakavyo. Msichana huyu mweusi wa nywele na wa maji ya kunde anatoka humo akiwa mzungu: mrefu, nywele rangi ya dhahabu, mabuti hadi mapajani. Nguvu zote za dunia ziko mkononi mwake, na kitu cha kwanza anachokifanya ni kujifuta.

Halafu anamwona Zoe, mmoja wa wale waliomdhihaki, anazama majini. Anakumbuka aya ambayo baba yake huitaja kila akiona msiba kwenye televisheni, aya ya 32 ya Suratul Maida, kuhusu uzito wa kuokoa nafsi moja. Anamwokoa. Na akiwa bado ndani ya ngozi ile ya kuazima, anagundua kwamba nguo inambana, nywele zinamwingia usoni, na kuwa mtu mwingine kunachosha kuliko kuwa yeye.

Wapenzi, nani kati yetu hajamwona binti huyo? Tunamwona kwenye filta za simu zinazochonga pua na kumwaga weupe. Tunamwona dukani akiuliza mkorogo kwa sauti ya chini, wiki tatu kabla ya harusi ya dada yake. Tamthilia inaligusa jambo hili kwa maneno: Kamala anasema kwamba wasichana kama yeye sio wanaookoa dunia. Maneno hayo yanapita haraka. Kitabu kinakushikisha picha na kukuacha nayo.

Hata nguvu zenyewe zimebadilishwa. Kitabuni mwili wa Kamala unarefuka, ngumi inakuwa kubwa kama gari, miguu inakuwa kama ya twiga. Hapendezi, na wala hajali, kwa sababu anafanya kazi. Kwenye skrini anatoa mwanga wa zambarau unaometa. Ni mzuri kutazama, lakini tulipenda binti zetu waone msichana anayeokoa watu bila kulazimika kuwa mrembo wakati huohuo.

Jambo la tatu ni majini. Kitabuni nguvu za Kamala hazihusiani na majini hata kidogo. Tamthilia imemzulia ukoo wa watu wa ulimwengu mwingine wanaoitwa majini, na ingawa mwishoni inadokeza kwamba kuna jingine katika damu yake, jina hilo limeshatajwa. Huku visiwani tunalijua vizuri. Msichana akipandisha sauti, au akianguka darasani, wa kwanza kutajwa ni jini. Ilituuma kuona binti wa Kiislamu akifanya jambo kubwa, na maelezo ya kwanza yakawa hayohayo.

Pande zote mbili, lakini, zimeutendea haki msikiti. Kitabuni Kamala anamuuliza Sheikh Abdullah wanawake watafuatiliaje darasa wakiwa nyuma ya kizuizi wasikomwona. Kwenye tamthilia rafiki yake Nakia, mvaa hijabu, anaona upande wa wanawake ulivyochakaa, anagombea kamati ya msikiti na kushinda. Na sheikh sio adui. Kitabuni wazazi wanampeleka Kamala kwake, naye anategemea kukaripiwa. Badala yake anamwambia, kama ameamua kuendelea na jambo lake, alifanye kwa ujasiri, ukweli na huruma, na atafute mwalimu. Tungependa kila binti apate mtu mzima mmoja wa namna hiyo.

Basi tumekubaliana hivi. Tamthilia tutaitazama pamoja na mabinti, mama na bibi wakiwepo, kwa sababu imejaa mama na bibi. Lakini kabla ya hapo, watasoma kitabu cha kwanza. Nakala yetu ililetwa na jamaa aliyekuja likizo kutoka Uingereza, kurasa zimeanza kulegea, nayo inazunguka nyumba hadi nyumba. Ukifika zamu yako, kaa na binti yako kwenye ule ukurasa wa nywele za dhahabu. Usimhutubie. Muulize tu: angekuwa yeye ndani ya ule ukungu, angetoka vipi? Kisha msikilize mpaka amalize, na ukimaliza kumsikiliza, mwambie kwamba jina Kamala limetoka shina moja na neno letu kamili.