Ngazi za Uluguru

Mwaka 1955, watu wa Matombo katika milima ya Uluguru waliikatalia serikali ya kikoloni. Walikuwa wamelazimishwa kuchimba matuta ya ngazi ili udongo usiteremke mitoni. Ghasia zikazuka, mpango ukafa.

Zaidi ya miaka 50 baadaye, milimani humo humo, wakulima wa Kibungo Juu walichimba ngazi kwa hiari yao. Safari hii mashirika ya CARE na WWF yaliwaendea na makubaliano: anayetunza shamba la juu ya mto alipwe na wanaotumia maji huko chini. Dawasco, lililokuwa shirika la maji la Dar es Salaam, na kampuni ya vinywaji ya Coca-Cola Kwanza wakakubali kuchangia malipo.

Mimi nakaa Dar es Salaam, maji ninayokunywa ni ya mto Ruvu, na mito inayoujaza inatoka huko Uluguru. Masika yakikolea, mto hubeba tope. Tope lile ni rutuba ya mtu: kinachotuchafulia maji sisi ndicho kilichompungukia yeye shambani. Kwa hiyo siwezi kumwita mkulima wa mlimani adui wa maji.

Wala waliokataa 1955 hawakuwa wajinga. Udongo wenye rutuba kule ni mwembamba. Ukichimba ngazi vibaya unaibua udongo mfu, mavuno yanashuka, na samadi ya kuurudishia uhai haipo. Njia ya fanya juu ina huruma zaidi: unachimba mfereji, udongo unautupa upande wa juu, tuta unalipanda majani, na mteremko unajisawazisha taratibu.

Halafu kuna suala la ardhi yenyewe. Kwa Waluguru ardhi ni ya ukoo, na ukoo hufuata upande wa mama. Aliyeazimwa shamba akipanda miti ya kudumu anaweza kuonekana anajimilikisha. Bwana shamba anayegawa miche bila kuwauliza wazee wa ukoo ataitikiwa kwa heshima, na miche itakauka.

Sheria ya Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu, au zinazoweza kudhuru hifadhi ya mto, ndani ya mita 60 kutoka ukingo wake. Naiunga mkono. Lakini kwenye bonde jembamba, mita 60 zinaweza kumeza shamba zima la familia, migomba na maharage yake. Anayeambiwa aliache aambiwe pia atakula nini.

Ningependa ankara yangu ya maji iwe na fungu la Uluguru. Ningelilipa kwa moyo mmoja, mradi limfikie mwenye jembe, tena kabla ya vuli, wakati mashamba yanaandaliwa.