Jilore, Baina ya Mto na Msitu

Wageni wengi wafikapo Malindi wakati wa mvua huuliza kwa nini maji ya bahari yamekuwa mekundu mfano wa chai ya maziwa. Watu wa mjini huulaumu mto Sabaki, nao wana haki, kwani ndio uletao tope lile. Lakini sisi tuliozaliwa Jilore hatukupata kuuona wekundu huo kuwa uchafu. Ndio uliotulea.

Ukitoka Malindi ukaishika njia ya magharibi iendayo Sala, kwenye lango la mbuga ya Tsavo Mashariki, utapita Ganda na Kakuyuni, kisha utaingia Jilore. Kaskazini pana mto, kusini pana msitu wa Arabuko-Sokoke, na nyumba zetu zi katikati. Mto wenyewe una majina matatu. Kule bara huitwa Athi. Ukiisha kukutana na mto Tsavo huitwa Galana. Nasi wa karibu na bahari twauita Sabaki. Kwa hiyo udongo uliootesha mahindi yetu ulitoka Ukambani na nchi za juu yake, ukasafiri mamia ya kilomita mpaka kwetu bila nauli. Mwalimu alipotueleza jambo hilo darasani, mwenzetu mmoja aliuliza kama Wakamba watakuja siku moja kuudai. Darasa zima lilicheka, ila mwalimu hakucheka.

Kazi ya kwanza ya mtoto ilikuwa kuteka maji. Tulifuatana na mama zetu alfajiri, na mahali pa kutekea palizungushiwa miti na miiba kwa ajili ya mamba. Aliyevuka boma lile kwa ushujaa alichapwa hata kabla mamba hajamwona. Maji yaliyotekwa yalilazwa usiku kucha, na asubuhi chini ya dumu palikuwa na tope unene wa vidole viwili. Mwenye shabu alitia chembe kidogo maji yakatakata upesi. Asiye nayo alingoja. Jioni tulilinda mahindi, mchana yakilindwa na ndugu zetu wakubwa, maana nyani huja kwa jua na viboko huja kwa giza.

Msituni hatukuwa na uhuru mwingi. Arabuko-Sokoke una eneo la kilomita za mraba 420 hivi, nao ni msitu wa serikali. Tuliokota kuni kavu pembezoni tu, na kwa kweli tuliwaogopa ndovu kuliko askari wa msitu. Humo mna mnyama mdogo mwenye pua ndefu kama mkonga na matako ya rangi ya dhahabu, ambaye ni shida kumpata pengine duniani. Wataalamu huja kutoka ng'ambo kumtazama. Sisi tulimwona akikimbia majanini, tukaendelea na kuni zetu. Tangu 1993 baadhi ya watu wa kandokando ya msitu hufuga viwavi wa vipepeo, na mabuu yake huuzwa nchi za nje. Wazee walidhani ni mzaha mpaka walipoona fedha.

Bibi yangu alipenda kutueleza habari za mto zilizo kali zaidi, alizozipokea kwa mamaye. Mwaka 1914, baada ya Wagiriama kukataa kutoa vijana wao kwa kazi za Wazungu, serikali ya Kiingereza iliamuru wote waliokaa ng'ambo ya kaskazini ya Sabaki wahame, waache mashamba yao yenye rutuba. Nyumba zilichomwa, watu wakatozwa faini ya rupia 100,000. Mekatilili wa Menza, mwanamke aliyewaongoza watu kukataa, alikuwa amekwisha kukamatwa 1913 na kupelekwa mbali mpaka Kisii. Baada ya miaka michache watu waliruhusiwa kurudi. Bibi alisema waliorudi walishika udongo kwanza, ndipo wakatafuta mahali pa kujenga.

Mimi mwenyewe niliyoyaona ni mafuriko ya El Niño, mwishoni mwa 1997, nikiwa na miaka minane. Mto ulinguruma usiku kama lori lisilofika. Baba alipanda kwenye uchaga akateremsha mahindi ya mbegu yaliyokaushwa kwa moshi, akayafunga katika shuka, tukapanda mlimani nayo. Sufuria zilifuata baadaye. Shamba letu la bondeni lilitoweka lote, na mbuzi wawili. Njaa ilituuma miezi mingi. Lakini maji yalipopungua yaliacha tope jipya, na ziwa la Jilore, ambalo hulishwa na mto ukifurika, lilijaa likawa kama bahari machoni petu. Tulikula kambare mpaka tukachoka. Msimu uliofuata mahindi yalimpita baba urefu, naye hakuwa mfupi.

Ndiyo sababu nasoma kwa makini habari za huko juu. Mwaka 2014 ulianzishwa mradi wa kunyunyizia mashamba wa Galana-Kulalu, na tangu 2018 bwawa kubwa la Thwake limekuwa likijengwa kwenye mto Athi. Maji ya Baricho, juu kidogo ya kwetu, hunywewa Malindi, Kilifi na hata Mombasa. Sizipingi kazi hizo. Aliyelaza maji usiku akingoja tope litue hawezi kupinga bomba. Ila ziwa lisilofurikiwa hukauka, na bonde lisilopata tope huhitaji mbolea ya dukani.

Nilipokwenda likizo ya mwisho, mzee jirani yetu aliniita barazani pake. “Mwanangu,” akasema, “wewe ni mtu wa ofisi. Bwawa hilo likiisha, ni nani atakayeshika ufunguo wa mlango wa maji, na je, amepata kusikia jina la Jilore?” Nikamwomba karatasi, nikaliandika swali lake kama alivyolitamka, naye akatia dole gumba chini yake. Limo katika faili juu ya meza yangu, nami nitalipeleka mbele Jumatatu.