KUTUNZA MWILI UGENINI: MAISHA YETU SAINT PAUL, MINNESOTA

Marekani ikitajwa, wengi wetu hufikiria New York au Washington. Sisi tunaishi Saint Paul, mji mkuu wa Minnesota, jimbo la kaskazini ya mbali linalopakana na Kanada. Ndilo jimbo ambalo mto Mississippi huanzia, katika ziwa Itasca. Mji wa Minneapolis ni jirani yetu wa karibu sana, na miji hii miwili huitwa Miji Pacha. Tangu 2014 imeunganishwa na treni ya umeme inayokatiza katikati ya mitaa.

Sisi ni akina mama sita, wanne kutoka Tanzania na wawili kutoka Kenya. Wengine tulifuata waume waliokuja kusoma, wengine tulikuja kwa kazi. Jina la Iringa si geni huku, kwa maana Walutheri wa Saint Paul wamekuwa na uhusiano wa Bega kwa Bega na Dayosisi ya Iringa tangu 1987. Kwa hiyo mgeni anaweza kushangaa kusalimiwa "Kamwene" na mzee wa Kizungu mlangoni mwa kanisa.

Leo hatutaandika juu ya majumba marefu. Tunataka kuzungumza nawe juu ya jambo ambalo akina mama walio ugenini hulisema kwa kunong'ona: mwili unaoongezeka, na jinsi ya kuupunguza bila kuudhuru.

Kwa nini mwili hubadilika

Mtu wa nyumbani akiona picha zetu husema, "Mambo ni mazuri huko, mmenawiri!" Hajui kwamba kunawiri huko mara nyingi hakutokani na raha.

Kwanza, miguu hupumzika mno. Nyumbani mama hutembea bila kuita mazoezi: sokoni, mashineni kusaga, kituo cha daladala, msibani, jumuiya. Huku mtu hutoka mlangoni akaingia garini, akashuka garini akaingia kazini. Duka la vyakula liko mbali, na watoto hupelekwa shule kwa basi.

Pili, ni baridi. Theluji huweza kuanguka kuanzia Novemba hadi Aprili. Mwezi wa Januari hata mchana kwa kawaida ni chini ya nyuzi sifuri, na zipo siku ambazo usiku hufika nyuzi 30 chini ya sifuri. Mwishoni mwa Desemba jua huchomoza karibu saa 2 asubuhi na kuzama saa 10 na nusu jioni. Mama aliyeamka gizani na kurudi kazini gizani hutamani chai yenye sukari, mkate na blanketi.

Tatu, ni kazi. Wengi wetu hutunza wazee katika nyumba za kulelea, tena zamu za usiku. Usiku wa manane mtu hula ili asisinzie. Asubuhi hafiki kitandani mapema, kwani watoto wanamngoja. Kukosa usingizi huongeza hamu ya kula, hasa vyakula vitamu na vya mafuta.

Nne, ni wingi wa chakula chenyewe. Kopo moja la soda huku ni mililita 355, nalo lina sukari karibu gramu 39, yaani vijiko tisa au kumi vya chai. Katika mikahawa mingi ukimaliza soda hujaziwa tena bila malipo.

Na lipo la tano, ambalo ni letu wenyewe. Nyumbani pilau ilikuwa ya Krismasi, chapati za Jumapili, kuku wa mgeni. Huku unga wa ngano, mafuta na kuku si vitu vya kusubiri sikukuu. Tena chakula cha nyumbani ndicho kinachotuliza moyo uliomkumbuka mama. Basi sikukuu ikawa kila siku. Nyumbani bei ndiyo iliyotupimia chakula. Huku ni lazima tujipimie wenyewe.

Neno la daktari

Jambo hili lilikuwa mzaha kati yetu mpaka mwenzetu mmoja alipokwenda kupimwa. Ni mama wa watoto watatu, umri wake 41, uzito wake ulikuwa kilo 86. Daktari alimwambia kwamba sukari yake haijafika kiwango cha kisukari, lakini iko hatua moja tu kabla ya mlango. Presha nayo ilikuwa imeanza kupanda.

Tulikaa naye jikoni kwake jioni ile. Hakulilia uzito. Alilia kwa sababu mama yake mzazi alifariki kwa kisukari, baada ya kukatwa mguu. Akatuuliza, "Nikianguka huku, watoto wangu watalelewa na nani? Hakuna shangazi, hakuna bibi." Hakuna aliyejibu. Kila mmoja alikuwa akijiuliza hivyo hivyo.

Habari njema ni kwamba mlango ule unaweza kufungwa. Utafiti mkubwa uliofanyika Marekani na kutolewa 2002 ulihusu watu waliokuwa katika hali kama yake. Waliofundishwa kula vizuri, kupunguza asilimia 7 ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki walipunguza uwezekano wa kupata kisukari kwa asilimia 58. Kwa mama wa kilo 86, asilimia 7 ni kilo 6. Hakuambiwa arudie umbo la siku ya harusi. Aliambiwa kilo 6.

Tulianza na miguu

Tulikubaliana asitembee peke yake. Dakika 150 ni nusu saa kwa siku tano. Saint Paul ina maziwa mazuri yenye njia za waendao kwa miguu. Ziwa Como huzungukwa kwa mwendo usiofika kilomita 3, nalo likawa shule yetu ya msingi. Miezi miwili baadaye tulihamia ziwa Phalen, ambalo mzunguko wake ni karibu kilomita 5. Tulitembea kwa kasi ya mtu anayewahi basi: unaweza kuzungumza, lakini huwezi kuimba. Tulizungumza mengi. Kuna mama aliyekuwa amefika miezi minne bila kumwambia mtu yeyote kwamba hapati usingizi kwa upweke. Aliyasema kando ya ziwa Phalen.

Theluji ilipoanguka, wengine walidhani shule imefungwa. Lakini wenyeji wa huku wana mbinu zao. Katika mji wa Bloomington liko jengo kubwa la maduka liitwalo Mall of America, lililofunguliwa 1992. Asubuhi, kabla maduka hayajafunguliwa, utakuta wazee wamevaa raba wakizunguka ndani. Ghorofa moja ikizungukwa ni mwendo wa karibu kilomita moja. Tuliungana nao, pochi tukiziacha nyumbani ili macho yasitugharimu.

Siku nyingine tulikwenda kwenye nyumba ya kioo ya bustani ya Como, iliyofunguliwa 1915. Kiingilio ni bure, ila mgeni huombwa mchango. Nje dunia nzima ni nyeupe. Ndani unapokewa na mitende, unyevu na harufu ya udongo uliolowa. Mama mmoja wa Tanga alisimama chini ya mitende akavua koti, akavua skafu, akafumba macho. Tulimwacha kwanza.

Kisha tukaingia jikoni

Watu wengi hufikiri kwamba ili kupunguza mwili ni lazima kuacha ugali na kula majani makavu kama mbuzi. Sivyo. Tuliacha ugali mahali pake, tukabadilisha ukubwa wake. Nusu ya sahani ni mboga, robo ni ugali, wali au viazi, na robo ni maharage, samaki, dagaa au nyama isiyo na mafuta. Mafuta ya kupikia tulianza kuyapima kwa kijiko badala ya kuyamimina kutoka kwenye chupa, maana kijiko kimoja cha mezani kina kalori karibu 120. Chapati zilirudi Jumapili. Soda iliondoka, maji ya bomba yakachukua nafasi yake, nayo huku ni salama kunywa.

Na mboga? Hapa Saint Paul ilitushangaza. Huku wanaishi Wahmong wengi, watu waliokimbia Laos baada ya vita vilivyokwisha 1975. Ni wakulima hodari. Katika soko la wakulima la mjini, wakati wa kiangazi, mama wa Kihmong hukuuzia majani ya maboga yangali na umande, na bilinganya ndogo chungu ambazo Mtanzania yeyote ataziita ngogwe. Hatujui lugha yake, naye hajui yetu. Tunaonyeshana kwa vidole, tunacheka, anaongeza fungu kama nyongeza ya mteja. Majani yanayofanana na sukuma wiki hupatikana katika maduka makubwa mwaka mzima, na kisamvu kilichogandishwa hupatikana katika maduka ya Kiafrika.

Waume nao hawakuachwa nyuma. Mmoja alilalamika, "Mke wangu, mimi sikuambiwa na daktari." Mkewe akamjibu kwa upole, "Baba watoto, chungu ni kimoja." Baada ya miezi mitatu yeye ndiye aliyetoboa tundu jipya kwenye mkanda wake.

Mwenzetu alichukua miezi kumi kupunguza kilo 7. Ziko wiki ambazo mizani haikusogea kabisa, na Desemba ilimrudisha nyuma kilo moja. Lakini alipopimwa tena, sukari ilikuwa imerudi katika kiwango cha kawaida.

Safari ya kurudi nyumbani

Mtihani ulikuwa mwingine. Alipokwenda likizo Iringa, mama mkwe alimpokea kwa furaha, kisha akamshika mkono na kuupima kwa vidole. Usiku akamwita mwanawe kando: "Mwanangu, huko kwenu kuna amani? Mbona mkeo amekwisha?" Majirani nao walikuwa na maneno yao, na unajua, msomaji, maneno gani husemwa juu ya mama aliyekonda.

Hakukasirika. Asubuhi alisema, "Mama, amani ipo. Nilikuwa ninaelekea kuugua, sasa ninapona. Twende wote zahanati, tukapime pamoja." Walikwenda. Presha ya mkwe ilikuwa nzuri. Ya mama mkwe ilikuwa 170 kwa 100, naye hakuwahi kupimwa hata siku moja. Leo anatumia dawa na amepunguza chumvi. Kila Jumamosi hupiga simu Saint Paul kuuliza, "Mmetembea?"

Mambo ya kushika

Kwa mama aliye ugenini, na hata aliye nyumbani, tunayaweka hapa kwa ufupi:

1. Pima kwanza. Ujue presha, sukari na kiuno chako. Kwa mwanamke, kiuno kikizidi sentimeta 80 hatari huanza kuongezeka. Kikizidi 88 hatari ni kubwa.

2. Usikimbilie. Nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki inatosha, na hata chini ya hapo si kushindwa.

3. Jihadhari na chai na vidonge vya kukondesha. Vingi huharisha tu; kinachopungua ni maji, siyo mafuta, na mwili hupoteza chumvichumvi zake muhimu.

4. Mjamzito asijaribu kupunguza mwili. Anayenyonyesha, na anayetumia dawa za kisukari au presha, aongee na daktari kwanza.

5. Usimalizie chakula cha watoto. Kilichobaki kiweke kwenye friji. Tumbo la mama si kabati.

6. Lala. Mama wa zamu ya usiku apangiwe saa zake za usingizi, na nyumba nzima iziheshimu.

7. Tafuta wenzako. Mtu mmoja huahirisha, wawili hungojana.

Ugenini hakuna shangazi wa kukuambia "mwanangu, pumzika" wala jirani wa kukuletea uji. Kwa hiyo sisi sita tumekubaliana kuwa shangazi na jirani wa kila mmoja wetu. Watoto wetu wanahitaji mama waliopo, wenye nguvu za kuwashika mikono mpaka nao waje kushika ya wajukuu. Kama uko Muscat, London au Mbeya, mtafute mwenzako mmoja wiki hii, vaeni raba, mkatembee nusu saa. Mengine mtayazungumza njiani.