Hela za Bati

Haya nakuandikia wewe uliye macho saa hizi, simu mkononi, unatazama namba nyekundu. Mimi nilikuwa hapo ulipo.

Boma letu lilikuwa limefika kwenye lenta. Mimi na mama watoto tulikuwa tumeweka shilingi 4,200,000, hela za bati na mbao za kupaulia. Jamaa wa kazini akanionyesha namna ya kununua na kuuza dhahabu kwa simu. Nikaanza na akaunti ya demo, dola 10,000 za kuchezea. Kwa siku tatu nikazifikisha 17,000. Sikuogopa kitu, hazikuwa zangu. Zilipopungua nilibonyeza kitufe, zikajaa upya. Nikajiona fundi.

Siku ya nne nikaingiza hela za bati. Mama watoto sikumwambia. Akaunti ilinikopesha mara 500 ya nilichonacho, nami nikauchukua mkopo karibu wote. Sikupiga hesabu kwamba kwa mkopo wa namna hiyo, bei ikikuendea kinyume kwa sehemu mbili katika elfu moja, umekwisha.

Ilikuwa Ijumaa ya kwanza ya mwezi. Takwimu za ajira za Marekani zilikuwa zinatoka saa tisa na nusu alasiri. Sikujua. Nilikuwa kwenye daladala. Bei ikaruka. Nikasema itarudi. Haikurudi. Simu ikatetemeka. Nikatazama. Dola 11. Nikazima, nikawasha. Dola 11. Konda alinidai nauli mara mbili, simsikii.

Usiku mvua ikanyesha. Nikawaza boma letu linavyolowa. Nikatoka, nikakaa barazani juu ya ndoo. Lipo wazo lililonijia pale. Siliandiki. Mama watoto akatoka, kanga begani. "Baba, unaumwa?" Nikamwambia. Yote. Akanyamaza muda mrefu. Halafu akasema, "Hela zimekwenda, wewe upo. Ingia ndani tuombe." Tukaomba. Sitaki kukudanganya lakini: baada ya hapo, wiki mbili nzima aliniongelesha kwa shida.

Mdogo wangu alikuwa chuoni, ameingia kwenye shindano la wanafunzi la Soko la Hisa la Dar es Salaam. Wanapewa mtaji wa kufikirika, wanauza na kununua kwa bei halisi za soko. Akanishauri nifanye hivyo kwa daftari. Nikaandika mtaji wa shilingi 300,000, kiasi ambacho kweli tungeweza kukiweka akiba, maana zile dola 10,000 za demo ndizo zilizonilevya. Kila jioni nilinakili bei za hisa: CRDB, NMB, Twiga. Nilikata kamisheni ya dalali. Nikiuza, nasubiri siku tatu kama sokoni, ndipo naruhusu hela kurudi.

Siku moja mama watoto akanikuta nafuta. Nilikuwa nimenunua vibaya, narekebisha tarehe. Hakusema neno. Akachukua penseli, akaniachia peni ya mtoto ya shuleni. Kwa peni hiyo, miezi mitano ya kwanza daftari lilinionyesha hasara ya 41,000. Za karatasi, lakini ziliniuma. Kule kwenye demo sikuwahi kuumia hata mara moja.

Mwaka ulipotimia nikaenda kwa dalali mwenye leseni, mama watoto kakaa kiti cha pembeni, tukanunua hisa chache. Gawio la kwanza lilitosha unga na sukari. Bati tulipiga miaka mitatu baadaye, kwa mshahara na mchezo wa kina mama, hisa hazikuchangia hata msumari. Namshukuru Mungu hivyo hivyo. Lakini Ijumaa alasiri simu ikitetemeka, mkono bado unakuwa wa baridi.

Wewe uliye macho, usiongeze hela nyingine usiku huu ili kuikomboa ile iliyopotea. Weka simu chini. Mwamshe mtu wa nyumbani kwako, umwambie yote.