Kinachuja, Mama

Mgongo ndio ulionipeleka kwenye yoga. Muuza vitambaa husimama kutwa, kainamia kaunta na mita mkononi, na jioni ikifika kiuno si chako tena. Mwalimu wangu, bibi mmoja wa Kihindi hapa Mombasa, alikinyoosha kwa subira. Lakini kilichonibadilisha si mazoezi.

Katika Yoga Sutra za Patanjali, kauli fupi fupi zipatazo 195, mkao wa mwili umetengewa tatu tu. Njia yenyewe ina hatua nane, na mkao ni ya tatu. Ya kwanza ni miiko mitano: kutodhuru, kusema kweli, kutoiba, kuzuia matamanio ya mwili na kutojilimbikizia mali. Ya pili ni nidhamu za mtu na nafsi yake, usafi na kuridhika zikiwemo. Shabaha ni akili itulie hadi mtu ajione alivyo, mbali na mawazo yapitayo. Na akili inayokumbuka imemdanganya nani haitulii, ukunje miguu utakavyo.

Miiko hiyo, asema Patanjali, haibagui mahali, wakati wala hali. Vyasa, mfafanuzi wake wa kale, ametoa mfano wa mvuvi asiyedhuru kiumbe chochote isipokuwa samaki. Nilicheka. Kisha nikajiona: mkweli kila mahali isipokuwa dukani.

Tena kuna penye makali zaidi. Patanjali anataja pamoja ovu ulilotenda, ulilolitendesha na uliloliridhia. Mimi nina kijana wa kuuza. Mteja akiuliza, "Hiki hakichuji?" yeye ndiye aliyekuwa akijibu, "Hata kidogo, mama," nami nikiendelea kupanga majora yangu. Sikuwa nimetamka neno.

Siku hizi tunasema: "Chekundu hiki kinachuja, mama. Kifue peke yake." Wengine huenda duka la jirani, ambako chekundu kile kile hakichuji. Wengine huchukua cheusi. Kijana alinung'unika, maana hulipwa kwa kamisheni, ikabidi nimwongeze mshahara. Haingekuwa haki mwiko wangu ulipiwe na mfuko wake.

Wanaoniuliza msikitini kama nimebadili dini huwatajia al-Biruni, mwanachuoni Muislamu wa karne ya 11 aliyekitia kitabu cha Patanjali katika Kiarabu na akabaki Muislamu. Baadhi huridhika.

Na mwalimu bado tunabishana kuhusu bei. Mteja akitaka kujua nimenunua kwa ngapi, humjibu, "Hiyo sikwambii." Mwalimu anaona nakwepa. Mimi naona kunyamaza si uongo. Mke wangu, ambaye ndiye anayeshika hesabu, yuko upande wangu.