Kamera Mbili, Mfuko Mmoja

Ukitaka kuijua ndoa yako vizuri wala usiende mbali. Chukueni akiba yenu ya mwaka mzima, halafu mkubaliane kununua kitu kimoja tu, ambacho kila mmoja wenu anakitaka kwa sababu yake. Kwetu sisi kitu hicho kilikuwa kamera.

Mume wangu ni wakala wa forodha Tunduma. Mimi nahariri kurasa Dar es Salaam. Katikati yetu kuna zaidi ya kilomita 900 za barabara, na huu ni mwaka wa tatu tunaishi kwa simu, bando na nauli za basi. Wenye ndoa za hivi mnanielewa.

Tunduma, kwa asiyeifahamu, ni mji wa malori. Upande huu Tanzania, hatua chache mbele ni Nakonde ya Zambia, na mama muuza nyanya anakurudishia chenji ya shilingi au ya kwacha, wewe tu. Mwaka 2016 mkoa wa Songwe ulipomegwa kutoka Mbeya, makao makuu yalikwenda Vwawa, lakini pesa ilibaki mpakani. Oktoba 2019 Marais John Magufuli na Edgar Lungu walizindua kituo cha pamoja cha forodha, lori likawa linakaguliwa mara moja badala ya mbili. Na penye pesa, jamani, pana harusi! Send-off, kitchen party, ndoa yenyewe, halafu kuvunja kamati. Jumamosi za mwenzangu zimegeuka: anamsaidia rafiki yake kupiga video, anarudi usiku wa manane na sahani ya pilau iliyofunikwa. Akaniambia, "Mama, tununue ya kwetu."

Tulikubaliana haraka kwamba iwe mirolesi, yaani zile kamera za kisasa zisizo na kioo ndani. Ni nyepesi, na skrini inakuonyesha picha itakavyotoka kabla hujabonyeza. Tulikubaliana pia kwamba sisi ni wanaoanza, hakuna haja ya kujifanya wakubwa. Kasheshe ikaja kwenye jina. Yeye alitaka Sony ZV-E10, iliyotoka Julai 2021. Mimi nilitaka Canon EOS R50, ya Februari 2023. Zilipoingia sokoni Marekani, kila moja na lenzi yake ndogo, zote zilikuwa karibu dola 800. Kwa hiyo bei haikutuamulia.

Wala megapikseli hazikutuamulia. Zote zina kama 24, na muuzaji akikwambia moja ina picha kali zaidi kwa sababu ya namba hiyo, mshukuru utoke dukani. Uzito je? Canon ina gramu 375 pamoja na betri na kadi, Sony 343. Tofauti hiyo ni kama ya vijiko vichache vya sukari. Zote zinalifuata jicho la mtu hata akicheza, na hakuna hata moja iliyozibwa dhidi ya vumbi. Hilo la mwisho Tunduma si dogo. Malori yakipita wakati wa kiangazi hata chai inabadilika rangi, na kamera ya aina hii ukiitoa lenzi, kihisi chake kinabaki wazi kabisa. Yaani lenzi inabadilishwa ndani, mlango umefungwa, feni imezimwa.

Rafiki yake ana Sony, na mpiga picha mmoja wa Vwawa akatuazima Canon kwa siku moja. Tukazibeba zote hadi Ndolezi, Mbozi, kwenye kimondo. Nadhani ni mahali pazuri pa kupima kamera: lipo pande la chuma lenye urefu wa mita 3 hivi, jeusi, na saa sita mchana jua la Mbozi halina adabu. Hapo nikapata raha yangu. Canon ina kitundu cha kuchungulia, unaweka jicho na unaona kila kitu. Sony haina. Mwenzangu alikuwa anaikinga skrini kwa kofia, anainama, anageuka, mwishowe akapiga kwa kukisia. Sikusema kitu. Nilicheka tu.

Lakini mchana ule hakuna aliyekuwa anaolewa pale Ndolezi. Kazi yenyewe ni ya ukumbini, usiku, na huko mambo yanageuka. Kwenye hotuba za wazee, video bila sauti ni bure. Sony ina tundu la maiki na tundu la kusikilizia, unavaa spika za masikioni unajua kama baba mzazi anasikika au maiki imekatika. Canon ina tundu la maiki tu. Utajua ulichopata ukifika nyumbani. Canon ikirekodi mfululizo inafika saa moja inakata, lazima ubonyeze tena, na wewe unajua mchungaji wetu akishika Biblia hatazami saa. Sony inaendelea mpaka betri au joto liiamulie.

Na flashi. Hili wauzaji wengi hawalisemi kabisa, kwa hiyo nisikilize. Canon R50 ina flashi ndogo ya kuchomoza, ambayo Sony haina. Ila pale juu inapokaa flashi kubwa, Canon wameondoa pini zile za zamani, kwa hiyo flashi ya Canon ya miaka yote haiwaki mpaka ununue kipande cha kuunganishia. Utatoka dukani na furaha yako, ufike ukumbini ukute giza. Sony inapokea flashi kubwa za kwake moja kwa moja.

Kwa haki, Canon nayo ilikuwa na hoja nzito. Video yake ya 4K inachukua upana wote wa kihisi, wakati Sony ukiiweka kwenye fremu 30 inakata pembeni, na kwenye ukumbi mwembamba utaishia kupiga kamati nusu. Dawa yake ni kushuka hadi fremu 24, hapo haikati. Halafu kuna lenzi. Studio za zamani za Mbeya na Tunduma zimejaa lenzi za Canon za EF, na kwa kipande cha kuunganishia zinakaa kwenye R50. Unaweza kuazima. Kwa Sony huazimi kirahisi, lakini kampuni nyingine kama Sigma zimekuwa zikiitengenezea lenzi nyepesi za bei ya kati kwa miaka mingi. Kwa R50 mlango huo ulifunguka 2024. Angalizo: ukiuziwa Canon M50 kwa bei ya kutupwa, ni kamera nzuri, ila ukoo wake umefikia mwisho na lenzi zake hazikai kwenye R50.

Haya yote tuliyajua ndani ya wiki mbili. Mbona basi tulibishana miezi minne?

Mimi nilisema nataka kamera ya picha. Baba mkwe alipofariki, picha iliyowekwa mbele ya jeneza ilikuzwa kutoka kwenye kitambulisho. Uso ulikuwa kama unaonekana kwenye moshi. Mama mkwe bado ameitundika sebuleni Vwawa, na kila nikiingia naiona. Anazeeka naye. Nilitaka kamera itakayompiga mama akianika kahawa yake, na watoto wetu wakiwa bado na mapengo. Hiyo ilikuwa sababu ya kweli, naapa.

Ila kulikuwa na nyingine chini yake. Mtu anayenunua kamera ya biashara ya harusi Tunduma, halafu flashi, halafu taa, halafu anaanza kutafuta fremu ya kupanga karibu na stendi, mtu huyo harudi Dar mwakani. Kila aliposema "maiki" mimi nilisikia "nabaki". Na yeye kila niliposema "picha za familia" alisikia kwamba kazi yake ya Jumamosi naiona mchezo. Tukawa tunazungumzia kitundu cha kuchungulia, wakati kila mmoja anachungulia moyo wa mwenzake.

Kilichoniondoa hapo ni daftari. Siku moja akanionyesha daftari la shule la kurasa 48 ambamo ameandika kila sherehe aliyosaidia: ukumbi, saa alizokaa, nani aliomba nini. Ukurasa baada ya ukurasa wateja wake walikuwa wanataka video nzima, kisha kipande kifupi cha kurusha kwenye simu. Picha za kuchapisha walikuwa wachache. Mimi ni mhariri, namheshimu mtu mwenye kumbukumbu zilizoandikwa. Nikamwambia sawa, tuchukue Sony. Halafu hapo hapo nikamuuliza, "Baba, unarudi Dar?" Alikaa kimya muda. Akasema, "Sijui. Nilikuwa naogopa kukuuliza kama wewe utakuja."

Jamani! Miaka mitatu.

Kamera nikainunua mimi Kariakoo. Kwenye duka la kwanza bei ilikuwa tamu mno, nikaomba kuiwasha: menyu yote Kijapani, na haibadiliki. Zile zilizotengenezwa kwa soko la Japani ndivyo zilivyo, sawa na redio za magari yetu. Nikaenda la pili. Washa, badilisha lugha, rekodi dakika tano, sikiliza sauti, hakikisha lenzi unayopewa ndiyo iliyoandikwa kwenye boksi, ndipo utoe pesa. Dai risiti ya EFD. Yetu ina majina yote mawili, muuzaji alishangaa lakini aliandika. Pesa iliyobaki nikanunua betri ya pili na kadi mbili nzuri, sikununua lenzi ya ziada, maana umeme ukikatika ukumbini lenzi haikusaidii.

Ndani ya menyu kuna kitu cha kulainisha ngozi. Nimekizima. Bibi harusi wa Kinyiha ana uso wake, aolewe nao. Kwa ngozi zetu na shela jeupe cha muhimu ni kupima mwanga usoni, shela litajijua.

Kamera inakaa Tunduma. Jumamosi ni zake. Nikienda huko Jumapili ni yangu, tunapanda Vwawa, mama mkwe namweka kivulini chini ya mwembe ambako hata bila kitundu skrini inaonekana vizuri. Ameshapigwa picha zaidi ya sitini na anadai kwenye zote amenenepa. Moja tumeichapisha kubwa, imetundikwa karibu na ile ya mzee.

Kuhusu nani ahamie kwa nani, nimeshamwomba bosi wangu wiki moja kila mwezi ya kuhariri nikiwa Tunduma, na amekubali kujaribu. Mengine tumeyapangia Desemba, yeye akileta daftari lake na mimi la kwangu.